Zungusha Mpini, Kisha Unyamaze

Atupele mwanangu,

Salamu tutapeana kesho stendi mbele za watu, kwa hiyo hapa nazipita. Umekwenda mtaa wa Soweto kumuaga shangazi yako, na namjua yule: hatakuachia mpaka ule, na ukishakula atasema hujala. Nina muda wa kutosha. Maharage yako motoni, mlango nimeupiga komeo, maana mama Ipyana wa jirani ana tabia ya kuingia bila hodi ili akukute unafanya nini.

Sitakuandikia habari za sweta. Baridi ya Iringa unaijua, umekulia Nyololo. Wala sitakuandikia habari za wanaume, kwa sababu ungejibu "ndiyo mama" kisha ukafanya yako, kama nilivyomjibu mama yangu, nikafanya yangu na kuolewa na dereva wa lori. Nina swali moja tu, nalo limenikaa kooni tangu barua yako ya kazi ilipofika. Kwa nini wamekuchagua wewe?

Usiniambie ni kwa sababu ulifaulu mafunzo ya ufundi simu. Najua ulifaulu, nilikuwa nakusikia ukisoma michoro yako kwa sauti mpaka baba yako akaenda kulala kwenye lori. Lakini mlifaulu wengi, na kati yenu wamo wanaume waliokwisha kupanda nguzo kabla wewe hujajua kushika koleo. Wote wamebaki hapa Mbeya kufunga simu za maofisini. Wewe peke yako, msichana, mgeni kazini, unapelekwa Iringa kujiunga na kikosi cha kuondoa simu za mpini. Nilipokuuliza ulinicheka. Ukasema, "Mama, wewe hata mvua unaishuku."

Ni kweli. Hata yule muuza masanduku wa Mwanjelwa nilimfungulisha na kumfungisha kufuli la sanduku lako mpaka akaniambia, "Mama, nunua au niachie, unaniharibia mali." Nilinunua. Kufuli lenyewe limekataa kufunga tangu jana, na sijui kama kosa ni lake au ni langu.

Lakini fikiria kazi iliyonilea. Wewe simu unazijua kwa michoro. Mimi nazijua kwa vibati. Uliniona ukiwa mdogo, umekaa chini ya meza yangu kwenye kile kichumba cha simu Nyololo, unachezea vipande vya waya. Mtu wa milimani anazungusha mpini ubavuni mwa simu yake, kwenye bodi yangu kibati kidogo kinadondoka, nami nachomeka waya na kuuliza, "Nikupe nani?" Watu hawakujua namba. Walisema nipe karani wa chai, nipe padri, nipe yule aliyenitafuta juzi. Nami niliwapa. Anayeunganisha watu siku nzima husikia asiyotakiwa kuyasikia. Nimemsikia mtu akimwambia mkewe yuko njiani anakuja, kumbe ndiyo kwanza anaagiza bia. Nimesikia watu wakisema "bila sababu yoyote" huku sababu ikiwa imekaa palepale kwenye sauti. Ukisikiliza hayo mwaka baada ya mwaka, masikio yanakataa kuamini bure.

Jana wakati wa chakula ulinieleza kazi yako vizuri, tena kwa upole. Mashine mpya haihitaji opereta. Mteja anapiga namba kwa kidole, mashine inamuunganisha. Simu za mpini haizitambui.

"Basi watapewa za namba," nikasema.

"Watapewa, mama."

"Lini?"

"Baadaye."

"Na zahanati ya kule juu?"

Hapo ukachukua bakuli la mboga ukaanza kulitazama. Ukasema waya wa kule ni wa chuma, wa zamani, nguzo zimeoza, na simu ya namba haiwezi kufanya kazi juu yake. Ukasema nyumba zenyewe ni nne tu. "Nyumba nne haziwezi kuzuia mkoa mzima, mama." Maneno hayo si yako, Atupele. Nakujua unavyoongea, na hujawahi kusema "mkoa mzima" ukiwa na njaa.

Nikakuuliza kama haiwezekani kuiacha bodi ndogo ya zamani pembeni, na mtu mmoja wa kuitazama, mpaka hao wanne wavutiwe waya mpya. Ukasema inawezekana kabisa, ufundi wake ni mdogo. "Ila hakuna anayetaka kubaki na mambo ya kizamani." Nikaanza kukusanya vyombo, nawe ukadhani nimeridhika.

Habari ya nesi Yustina unaijua nusu. Nusu unayoijua ndiyo ninayowasimulia watu, ile inayonipendeza. Leo nakuandikia yote.

Ulikuwa hujaanza shule. Ile laini ya milimani ilikuwa ya pamoja: zahanati, karani wa shamba la chai, mwalimu mkuu na katekista, wote kwenye waya mmoja, kila mmoja na mlio wake. Zahanati ilikuwa mlio mrefu na mifupi miwili. Ukimwita mmoja, kengele zinalia kwa wote, na asiyeitwa anatakiwa aiache simu yake ilipo. Karani Mgaya hakuwahi kuiacha. Nilikuwa nasikia pumzi zake. Nikimwambia, "Karani, weka chini," anaweka, halafu polepole anainua tena. Yule bwana alijua mambo ya watu kuliko mimi, na mimi nililipwa kuyasikia.

Basi kukatokea mtu anayezungusha bila kusema. Kibati kinadondoka, nachomeka, nauliza nikupe nani, kimya. Nilikuwa na uhakika ni watoto wa mwalimu mkuu. Mwenzangu tuliyepokezana naye zamu alikuwa na dawa yake: laini ikisumbua, anafunika kibati kwa kitambaa na kuendelea kufuma sweta. Alinifundisha hivyo siku yangu ya kwanza, nami niliona ni mtu mwenye akili.

Siku ile ilikuwa alasiri, mvua imekatika lakini ukungu umeshuka mpaka barabarani, malori yanapita yamewasha taa. Kibati kikadondoka. Kimya. Nikachomoa. Kikadondoka tena, nikachomoa tena. Kilipodondoka mara nyingine nilishika kitambaa. Sikukiweka, na usidhani ni kwa wema. Nilitaka kumkamata mtu. Nikasema kwa sauti ya polisi, "Wewe unayecheza, najua unanisikia. Kama ni mtoto zungusha mara moja. Kama si mtoto, mara mbili."

Nilitegemea kicheko. Ikaja mikwaruzo miwili sikioni, ya haraka.

Nikaanza kuuliza. Nikasema mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Ni kwa mwalimu? Hapana. Ni zahanati? Ndiyo. Ni nesi? Ndiyo. Unanisikia lakini mdomo wa simu umekufa? Ndiyo. Kuna mgonjwa? Ndiyo. Ni mama anayejifungua? Ndiyo. Anatoka damu? Akazungusha, akaendelea kuzungusha hata baada ya jibu.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Mimi nikashuku. Nikajiambia watoto wa mwalimu ni wajanja, wamemsikia mama yao akisimulia uzazi, na nikilitoa gari la shamba la chai bure kesho nitaulizwa mimi. Nikatafuta swali ambalo mtoto hawezi kulijibu. Mume wa Yustina alikuwa amehamia mjini Iringa kutafuta kazi. Mlimani wote waliambiwa atarudi. Kwamba hatarudi tulijua watu wawili, Yustina na mimi, kwa sababu simu aliyomwambia hivyo niliichomeka kwa mkono wangu na sikutoka kwenye laini. Nikamuuliza, "Kama kweli ni wewe Yustina, mume wako atarudi?"

Nilisikia pumzi za Mgaya. Kisha ikaja mikwaruzo miwili, ya taratibu sana.

Mgaya ndiye aliyesema. "Mama Atupele, yatosha bwana. Nimesikia. Landrova inatoka sasa hivi." Akaiweka simu chini kwa kishindo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Walimfikisha yule mama hospitali ya misheni akiwa hai, na mtoto naye hai. Kila nikisimulia habari hii watu wananisifu kwa akili ya mara moja na mara mbili. Lile swali la mwisho huwa naliruka.

Yustina mwenyewe alishuka Nyololo baada ya mvua kwisha. Wewe ulikuwepo, alikupa muwa.

"Kamwene, mama Atupele."

"Kamwene. Karibu, dada."

Akakaa kwenye kigoda, akaniambia lililotokea. Betri kubwa za simu zilikuwa hazijaletwa muda mrefu, kwa hiyo pale zahanati walifunga betri za tochi kwa waya na kuzitia kwenye kisanduku cha simu. Bila betri simu ya mpini inaita, na aliyeishika anasikia, ila yeye hasikiki. Hilo unalijua kuliko mimi.

"Sasa yule mama ameanza kumwaga damu, chumba giza na ukungu ule," Yustina akasema, "na tochi yangu imekwisha. Nikasema nichague, mwanga au sauti. Nikazitoa kwenye simu nikatia kwenye tochi."

"Ungezirudisha kidogo, useme neno moja tu."

"Tochi kashika mama mkwe wake, dada. Nimwambie azime?"

Nikamwomba radhi kwa lile swali la mume. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sijui kupamba. Alisema, "Ungeniuliza jingine. Mgaya ameshawaambia watu." Akajifunga kanga yake kama anayetaka kuondoka, halafu akakaa tena. "Lakini wewe uliuliza. Yule mwenzako alikuwa ananifunika. Si mara moja nimezungusha hivyo, mama Atupele. Unajua mtu anapofunikwa. Unasikia tu."

Niliona aibu, mwanangu, na aibu ile ninayo hata sasa nikiandika. Sikujuta kushuku. Nisingeshuku nisingeuliza, na kitambaa kingekaa pale. Nilichojutia ni kwamba swali langu la mwisho lilikuwa la kunilinda mimi, na nililiuliza kwa siri ya mwanamke ambaye mikono yake ilikuwa na damu ya mtu mwingine. Tangu siku ile naendelea kushuku kama kawaida, ila najitazama namshuku nani na kwa faida ya nani. Wewe ulichopata katika mambo yale ni mchezo. Ulikuwa unagonga mlango wetu na kunyamaza, mpaka nikuulize kama ni wewe, ugonge mara moja. Baba yako alikuwa anasema nyumba hii imejaa wehu.

Sasa nakuja kwenye lile nisiloruhusiwa kukuandikia. Opereta anakula kiapo kwamba anayoyasikia yanabaki kwenye waya. Nimekivunja kwa Yustina, na leo nakivunja kwako, tena safari hii nimekaa chini na kalamu, sina hata kisingizio cha haraka.

Siku chache kabla ya barua yako ya kazi kufika, nilikuwa zamu kwenye bodi ya huku mjini tulikohamia. Bwana mmoja kutoka Iringa aliomba kuongea na mkubwa mmoja hapa Mbeya. Nikawaunganisha. Nilipaswa kutoka. Niliposikia neno Nyololo, sikutoka.

Yule wa Iringa alisema, "Nipe yule binti aliyekulia Nyololo. Anajua Kibena, na wazee wa kule wanamjua. Nikituma vijana wangu watagomewa. Huyo watamfungulia mlango."

Wa Mbeya akacheka. "Na akishamaliza?"

"Akishamaliza tutaona."

Ndivyo ilivyokuwa, sikuongeza wala kupunguza. Nimeigeuza hiyo "tutaona" kila upande. Huenda ni ya kukupandisha cheo. Huenda yule bwana ni mtu mwema aliyechoka, mwenye wakubwa wake wanaomsukuma. Nimejitahidi kuisikia hivyo, hata kanisani nimeiombea, na bado naisikia kama mtu anayeazima jembe la jirani.

Kwa hiyo jibu la swali langu ninalo. Wamekuchagua kwa sababu utafunguliwa mlango, na hilo ndilo linaloniogopesha. Yustina bado yuko zahanati ile. Ameota mvi, na mpini wake bado anauzungusha. Opereta aliyebaki Nyololo ananiambia. Atakuona, atakukumbatia, atasema huyu mtoto wa mama Atupele nilimpa muwa. Atakupikia. Hatakuuliza umetumwa na nani, kwa sababu ni wewe. Na kwenye mkoba wako kutakuwa na koleo. Utaondoka na simu yake, utamwachia ahadi ya baadaye, na mvua ikija, mama mwingine akiwa anajifungua, hatakuwa na hata kimya cha kumpelekea mtu.

Sikuambii usiende. Nisikufiche, kuna upande wangu unaotaka ukate, upokee mshahara wako, ujenge maisha yako, na mambo ya mlimani yabaki mlimani. Mimi ni mama yako kabla sijawa opereta. Wala sina ugomvi na mashine. Itakuja mpaka hapa Mbeya, itanitoa kwenye kiti changu, nami nitakaa nyumbani nimshuku mama Ipyana siku nzima. Watu wa mjini watafurahi kupiga namba zao bila mtu kusikiliza, na wana haki. Mimi mwenyewe nisingependa opereta kama mimi.

Ninalokuomba ni dogo. Siku utakayofika zahanati, kabla hujashika koleo, tafuta namna uipime hiyo mashine. Wewe ni fundi, utajua kuunganisha waya wa zahanati na mashine mpya kwa muda mfupi. Fungua kile kisanduku cha simu, utoe betri. Shika simu sikioni, zungusha mpini, kisha unyamaze. Mpe nafasi huyo aliye upande wa pili. Kama mashine yenu itakuuliza ni nani, na una nini, na tumlete nani, basi kata waya na wala usinifikirie. Isipouliza, rudisha betri, ushuke mlimani, ukawaambie kwenye kikao maneno uliyoniambia hapa mezani huku ukitazama bakuli la mboga: inawezekana kabisa, ufundi wake ni mdogo. Usiongeze kitu. Usinitaje mimi. Usiseme mambo ya mzazi na damu, watakuita mwanamke mwenye huruma na watageukia jambo jingine. Sema kama fundi, halafu useme kwamba hiyo bodi ndogo ya zamani utaitazama wewe mpaka waya mpya ufike.

Wanaweza kukuchukia. Wanaweza kukurudisha Mbeya kwa basi la kesho yake. Ukirudishwa, kitanda chako hakitapewa mtu, hata shangazi yako akileta wageni wake.

Chini ya sanduku, nimezifunga kwenye kanga yangu ya zamani, ziko betri mpya. Ni za Yustina. Nazitaja kwa sababu nakujua: usizitie kwenye redio yako. Na ukimpa, mwambie nimesema lile swali nalikumbuka. Ataelewa, na asipotaka kuelewa pia ni haki yake.

Barua hii nitaiweka ndani ya sweta la kijani. Juu ya bahasha nitaandika: isome gari likishapita Nyololo, usiisome kabla, maana nakushuku utashuka hapohapo kwenda kuhakikisha.

Maharage yameanza kushika chini. Na mtu anagonga. Nimeuliza nani, kimya. Mama Ipyana hagongi, kwa hiyo najua ni nani, lakini nimesema kama ni Atupele agonge mara moja.

Umegonga mara mbili, mtoto mkorofi. Nakuja kufungua hivyohivyo.

Mama yako